Shule ikisema "tumeingia ushirikiano na watu wa mazingira" inamaanisha nini hasa?

Kila ikifika tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, magrupu ya wazazi yanajaa picha za watoto wameshika miche, nyuma yao kuna bango, mwalimu mkuu kasimama katikati na wageni wamevaa tisheti za aina moja, na maneno chini ya picha ni yale yale kwamba shule yetu imeingia ushirikiano na wadau wa mazingira. Halafu maswali yanaanza. Mmoja anauliza hao wadau wanatoa shilingi ngapi, mwingine anauliza mbona mwanangu karudi na tope mpaka magotini na mtihani uko wiki ijayo, mwingine anataka kujua kama kuna mchango unakuja, na mwalimu wa darasa anajibu kwa ufupi tu "ni elimu ya mazingira mzazi" na mazungumzo yanaishia hapo. Mwaka unaofuata picha zinarudi, bango jipya, wageni wengine, na maswali yale yale hayajajibiwa.

Nadhani tunachanganyikiwa kwa sababu vitu vitatu tofauti vinaitwa jina moja, kwa hiyo tuvitenganishe kwanza.

Kuna ugeni, yaani mtu anakuja siku moja, anaongea na wanafunzi parade, wanapanda miti, anaondoka. Kuna ufadhili, yaani mtu analeta tenki la maji, mapipa ya taka, miche au hela. Na kuna ushirikiano, ambapo shule na mwelimishaji wamekubaliana kufundisha kitu fulani pamoja kwa muda unaojulikana, kila mmoja ana kazi yake na kila mmoja anajua ya mwenzake. Fikiria mchezo wa upatu, kila mtu anatoa, anajua anatoa lini, kijumbe anaandika, na asiyeleta anaulizwa. Ugeni na ufadhili sio vitu vibaya hata kidogo, shule nyingi zina shida ya maji na tenki ni tenki, ila tusiviite ushirikiano kwa sababu hakuna anayeulizwa kesho yake.

Na huyo mwelimishaji wa mazingira ni nani? Watu wengi wakisikia hilo neno wanafikiria mtu wa asasi mwenye gari na projekta. Wapo hao, na wapo maafisa wa serikali kama watu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au wahifadhi wa hifadhi za bahari, lakini kundi kubwa kuliko yote halina ofisi. Ni mvuvi aliyeko kwenye BMU ya kijiji (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe na uvuvi), mama mwenye kitalu cha miche, mzee wa kamati ya maliasili anayejua msitu ulikuwa unaishia wapi miaka ya nyuma, kijana anayekusanya chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo ambaye anajua ipi inanunuliwa na ipi haina soko na inaishia mtaroni. Huyo wa chupa akikaa na darasa la sita nusu saa watoto wataelewa habari ya taka kuliko kwa kukariri, maana atawaonyesha gunia lake na bei yake.

Hili jambo wala sio geni kwetu, kuna watu wanadhani limekuja na mitaala mipya tu. Kwenye klabu za mazingira za wanafunzi, Wildlife Clubs of Kenya ilianza 1968 na walioianzisha walikuwa wanafunzi wenyewe, Malihai Clubs kwa Tanzania ilianza 1980, na Roots & Shoots ambayo leo iko nchi nyingi sana duniani ilianzia Dar es Salaam 1991, pale wanafunzi 12 walipokaa na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kwenye baraza la nyumba yake wakaongea mambo yaliyokuwa yanawasumbua kwenye maeneo wanayoishi. Waliosoma miaka hiyo wengi wanakumbuka klabu ya mazingira kuliko wanavyokumbuka vipindi vingine. Shida ya klabu ni moja na kila mwalimu anaijua: inabebwa na mwalimu mmoja mwenye moyo, siku akipata uhamisho klabu inakufa, rejista ya wanachama inabaki kabatini na kitalu kinageuka sehemu ya kuanikia nguo. Ndiyo maana nasema klabu ni mlango mzuri wa kuingilia, ila ushirikiano unatakiwa ukae kwenye somo ambalo lipo kwenye ratiba hata huyo mwalimu akiondoka.

Nitoe mfano wa pwani maana ndiko ninakokujua. Shule ya kijiji iko karibu na bahari, inaamua kupanda mikoko. Watoto wanakusanya mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani zinazoning'inia mtini zikiwa zimeshaanza kuota, maji yakikupwa wanashuka nazo wanazichomeka kwenye tope la wazi mbele kabisa, mistari imenyooka, picha inapendeza. Baada ya miezi michache hakuna kitu, mawimbi yameng'oa, nyingine zimeoza, na wanafunzi wanachojifunza ni kwamba kupanda miti ni kazi ya siku moja ambayo haina matokeo. Hilo ni somo baya kweli kumpa mtoto wa miaka kumi.

Sasa kijiji hicho hicho kina mzee aliyewahi kukata boriti kwenye mikoko hiyo kwa miaka mingi kabla hajaacha, na angeulizwa angesema pale mbele kabisa sio pa mkoko, pale ni pa mlilana (mikoko ina aina nyingi na kila moja ina mahali pake), mkoko wenyewe unakaa nyuma yake kwenye tope laini la kando ya vijito, mkandaa unapenda juu zaidi ambako maji hayafiki kila siku, na mchu unavumilia chumvi kiasi kwamba unaukuta hadi ule upande wa nchi kavu ambako ardhi imekauka inang'aa chumvi. Na angeongeza kwamba lile eneo la wazi watoto walilochomeka miche mara nyingi lina majani ya bahari ambamo samaki wadogo wanakulia, kwa hiyo ukipanda pale hujapata mikoko na majani umeyakanyaga.

Mzee anajua hayo yote lakini hajui silabasi. Hajui kwamba watoto darasani wanasoma mimea inavyopumua, na kwamba ile mizizi ya mlilana inayochomoza juu ya tope ndiyo jibu la swali la mti utapumuaje wakati tope halina hewa. Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Mwalimu anachukua maarifa ya mzee anayaweka kwenye somo la Sayansi, au kwenye Jiografia na Mazingira kwa mtaala mpya wa Tanzania, na mwezi unaofuata anayapeleka kwenye Hisabati: tulipanda miche 200, leo tumehesabu iliyo hai ni 130, hiyo ni asilimia ngapi, na ile 70 imekufa upande gani wa shamba na kwa nini upande huo. Mtoto akijibu asilimia 65 amefanya hesabu, akijibu kwa nini amefanya sayansi, na akibishana na mwenzake kama ni kaa au ni mawimbi basi hapo mwalimu anyamaze tu asikilize.

Kuna kitu kidogo hapa kinaharibu ushirikiano mwingi wa pwani na watu hawakisemi, nacho ni maji kupwa na kujaa. Ratiba ya shule inaenda kwa wiki, bahari inaenda kwa mwezi. Kwenye pwani yetu siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, na tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa inafika mita 3 hadi 4, eneo lote la mwamba linabaki wazi. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja, saa ile ile ya nne, maji yanakuwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Mtu wa asasi kutoka mjini anaweka kipindi kila Jumatano saa nne kwa muhula mzima, wiki ya kwanza safi, wiki ya pili darasa limesimama ufukweni linaangalia maji. Mvuvi angewaambia kwa dakika moja tu. Panga vipindi vya nje siku za bamvua, vile vya kuhesabu, kuchora na kujadili viwe darasani siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, na mwalimu wa taaluma aijue ratiba hiyo mwanzo wa muhula ili abadilishane vipindi na wenzake mapema badala ya kuomba ruhusa asubuhi ile ile.

Mifano iliyofanikiwa ipo karibu na sisi. Chumbe, kile kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Unguja, matumbawe yake yalifungwa kwa uvuvi tangu 1994, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi waliofundishwa kazi hiyo. Hela ya watalii wanaolala kule inasaidia kulipia safari za wanafunzi wa Zanzibar, watoto wanavaa miwani ya kuzamia na maboya wanaona matumbawe kwa macho yao. Mtu wa bara anaweza kushangaa kwamba mtoto aliyezaliwa mita chache kutoka baharini hajawahi kuona matumbawe yakiwa hai, lakini ndivyo ilivyo, wengi hawajui kuogelea na wasichana ndio kabisa. Mimi ninachokipenda pale ni kwamba anayeeleza ni mtu anayeongea kama baba yao, anayejua samaki kwa majina ya nyumbani. Mtoto anasikia changu, tasi, kangaja, majina anayoyasikia sokoni, halafu ndipo anaambiwa hawa wanaishi hapa kwa sababu hii.

Upande wa Kenya, Ghuba ya Gazi kaunti ya Kwale, kuna Mikoko Pamoja. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko ile inaihifadhi, kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na mapato yameingia kwenye maji ya kijiji na vitabu vya shule. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamekuwa pale miaka mingi kabla ya mradi wenyewe, na kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao juu ya mikoko ambayo wageni na wanafunzi wanapita. Angalia kwamba mtoto wa Gazi akisoma habari ya kaboni kitabuni, kitabu chenyewe huenda kimenunuliwa na kaboni hiyo, na mama yake anaweza kumweleza. Mahali pengine mwalimu anahangaika kueleza kaboni ni nini kwa ubao na chaki.

Sasa yale yanayosemwa kwenye magrupu.

La kwanza na ndilo kubwa, kwamba vitu hivi vinakula muda wa masomo na watoto watafeli. Wasiwasi huu naelewa kabisa, mzazi anaangalia mtihani wa taifa na ana haki. Lakini jibu lake liko kwenye ile tofauti niliyoanza nayo. Ukiwa ni ugeni, kweli unakula muda, watoto wanatolewa darasani wanaenda kushika miche na kipindi kimepotea. Ukiwa ni ushirikiano, mwelimishaji anafundisha mada ambayo mwalimu angeifundisha wiki hiyo hiyo, kwa hiyo muda haujaongezeka wala haujapungua, kilichobadilika ni mahali na mtu wa kueleza. Mzazi anaweza kupima mwenyewe kwa swali moja tu kwa mwalimu: hii ni mada gani kwenye silabasi? Mwalimu akijibu bila kusita, tulia. Akisema "ni ya mazingira tu kwa ujumla", hapo uliza zaidi kwa adabu. Kwa Kenya mtaala wa umilisi (CBC) umefungua mlango wazi zaidi maana wanafunzi wanatakiwa kufanya kazi zinazogusa jamii, ila wazazi wa Kenya nao wameteseka na miradi ya kununuliwa vitu madukani usiku, na hapa ndipo mwelimishaji wa karibu anasaidia, kazi inafanyika pale pale kijijini na vitu vilivyopo.

La pili, kwamba lazima kuna hela nyingi mahali fulani na walimu wanazila. Ushirikiano mwingi mzuri hauna hela nyingi. Gharama za kweli ni chache: nauli kama ni mbali, maji ya kunywa na chakula kama watoto wanazidi saa za kawaida, kisanduku cha huduma ya kwanza, na posho ya mwelimishaji asiye na mshahara. Hiyo ya mwisho naomba niisimamie kwa nguvu. Mvuvi akija shule asubuhi ya bamvua ameacha bahari siku ambayo bahari inalipa, na kumwambia "unajitolea kwa ajili ya watoto" wakati afisa aliyekuja naye analipwa sio haki, na mara ya tatu hatakuja. Mlipeni, hata kama ni kidogo, na iandikwe. Kuhusu michango ya wazazi, Tanzania tangu elimu bila ada ianze 2016 michango ya lazima ilikatazwa, kwa hiyo mtoto asizuiwe kwenda na wenzake kwa sababu mzazi hakutoa. Kuna sehemu hela inakuwa ndiyo sehemu ya mpango wenyewe, kama ASSETS, mpango wa asasi ya uhifadhi ya A Rocha Kenya kule Malindi na Watamu, ambapo tangu 2001 watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida wanasaidiwa karo ya sekondari, na familia nazo zinashiriki kupanda miti na masomo ya utunzaji. Hapo hela ina kazi inayojulikana na mzazi anajua anafanya nini upande wake.

La tatu, kwamba ni mambo ya shule za mjini zenye basi. Kwa kweli ni kinyume. Shule ya kijijini ina msitu au bahari au mto kwa kutembea, ile ya mjini ndiyo inayotafuta basi. Na hata mjini, shule iliyo kandokando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, haina haja ya kwenda Serengeti kujifunza mazingira, ina mto unaofurika karibu kila mvua kubwa, wazee wa mtaa wanakumbuka ulikuwa unapita wapi, na watoto wenyewe wamewahi kubeba magodoro usiku.

La nne, kwamba watoto wanafanyishwa kazi. Hili lisipuuzwe, maana linatokea. Kama watoto wanafyeka, wanabeba maji ya kitalu cha mtu, au wanaokota taka za soko bila glavu halafu hakuna aliyewaeleza chochote, hiyo ni vibarua bila malipo hata kama kuna bango. Dalili ni rahisi, ukimuuliza mtoto jioni mmejifunza nini anakwambia alichofanya tu, hakwambii alichokielewa.

Basi shule ikitaka kuanza inaanzaje? Isianze kwa kutafuta mtu, ianze kwa mwalimu kupitia silabasi na kuchagua mada mbili au tatu za mwaka ambazo zinafundishika vizuri zaidi nje, mbili zinatosha, shule zinazochagua kumi huwa hazimalizi hata moja. Halafu ndio waulizane, hii mada kijijini kwetu nani anaijua? Mwenyekiti wa kijiji, au sheha kwa Zanzibar, atakutajia watu ambao asasi za mjini hazijawahi kuwasikia. Kisha utaratibu rasmi, asasi au kikundi kisiingie shule kwa kujuana na mwalimu mkuu, kipitie halmashauri idara ya elimu kipate barua, afisa elimu kata ajue, na kamati ya shule ikae. Kenya ni bodi ya usimamizi ya shule. Watu wanaona huu ni usumbufu lakini barua hiyo ndiyo inayomlinda mwalimu siku mzazi akilalamika.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho mvuvi na mwalimu wote wanasoma. Nani anafundisha mada gani, tarehe zipi, nani anabeba gharama ipi, nani yuko na watoto muda wote. Hilo la mwisho halina mjadala: mwalimu wa shule yuko na watoto dakika zote, hakuna mgeni anayebaki na mtoto au kundi dogo peke yake hata awe mtu mwema kiasi gani, fomu za ruhusa za wazazi zimerudi zimesainiwa, na baharini kundi linahesabiwa kwenda na kurudi na mtu anayejua maji ndiye anayesema sasa tutoke, akisema tutoke tunatoka hata kama kipindi hakijaisha. Picha za watoto nazo, asasi nyingi zinazihitaji kwa ripoti zao, wazazi waulizwe kabla na sio baada ya kuziona zimepostiwa.

Kitu kingine ambacho ningependa kiandikwe kwenye ukurasa huo ni likizo, kwa sababu kazi nyingi za mwaka mzima zinafia Desemba. Shule zinafungwa, mwalimu anaenda kwao, mvua za vuli pengine zimekatika, mbuzi wanaingia, na Januari watoto wanakuta vijiti vikavu. Mwanzo wa mwaka kabisa amueni nani anashika ndoo mwezi huo, familia mbili tatu zinazoishi jirani na shule zigawane wiki, mwenye kitalu achukue miche midogo nyumbani kwake kwa posho ndogo, na majina yabandikwe mlangoni kwa mwalimu mkuu pamoja na namba ya mtu wa kupigiwa uzio ukivunjika.